Mzazi na masomo ya mtoto: toka kambi ya bwali mpaka darasa la leo



Katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya ndoa, matanga, ngoma na heshima ya wazee. Safari hii tunaandika juu ya masomo ya watoto. Wengine watauliza: masomo na mila vinakutana wapi? Masomo yaliletwa na Wazungu, mila tuliachiwa na wakubwa wetu. Sisi tunaona vinakutana mahali pamoja tu, nako ni kwa mzazi. Ni yeye anayemtoa mtoto nyumbani asubuhi, na ni yeye anayempokea tena jioni.

Tena tunaandika juu ya neno moja ambalo tunalisikia kila siku. Tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za leta ni ya bure. Ni jambo jema, na lilingojewa muda mrefu. Lakini tangu hapo wazazi wengi wanasema: "Sasa mutoto ni wa leta. Prime hatulipi tena, miye nitaenda kufanya nini kule ku masomo?" Neno hilo linatuuma. Maana yake, mbele ya shule mzazi hakuwa kitu kingine ila mfuko wa feza, na mfuko ukifungwa, mzazi naye anakwisha.

Mawazo hayo hayakuanguka toka mbinguni. Yana historia yake, na ni historia hiyo tunataka kuifuata hapa, tangu wazee mpaka leo. Tukijua njia tuliyopitia, tutajua na namna ya kurudi.

1. Zamani za wazee: aliyetoa aliingia

Tuchukue mfano wa Walega, majirani na ndugu wa wengi kati yetu, huku Mwenga, Shabunda na Pangi. Kwao kijana alipitia bwali, ndiyo kambi ya tohara. Ilikuwa porini, mbali na macho ya mji. Mtoto hakupelekwa kule kama mzigo wa kutupa. Alikuwa na mtu mzima wa kumsimamia, wa kuangalia kidonda chake, wa kumfundisha nyimbo na adabu. Mama hakuingia kambini, ilikuwa mwiko. Lakini mama alijua mwanawe yuko wapi, yuko na nani, na siku gani atatoka. Siku ya kutoka, mji mzima ulikuwa pale.

Bwali ilikuwa mlango wa Bwami. Na Bwami, kwa Walega na pia kwa Wabembe, ilikuwa shule ya maisha yote. Mtu alipanda daraja moja, kisha lingine, mpaka wachache wakafika kindi, daraja la juu kabisa la wanaume. Wanawake nao walikuwa na daraja zao, zilizofuatana na za waume wao. Hakuna aliyepanda juu ya nguvu za mwili au juu ya mali peke yake. Walimtazama kwanza: anasikia? Ana ugomvi? Anajua kukaa na watu?

Mafundisho yenyewe hayakuandikwa. Yalikaa katika methali, katika ngoma na katika vitu. Walega wana kitu kinachoitwa mutanga: kamba ndefu iliyofungiwa vitu vidogo vidogo, kila kitu na methali yake. Anayeshika kitu kile anatoa methali, na methali inataka maana. Tena wana sanamu ndogo za pembe na za miti. Moja yao ina vichwa vingi vinavyotazama kila upande, wanaiita Sakimatwematwe. Inafundisha kwamba mwenye hekima hatazami upande mmoja tu.

Walega hawakuwa peke yao. Kule Katanga, Waluba walikuwa na lukasa, kibao kilichopigiliwa shanga, ambacho watu wa chama cha Mbudye walikisoma kwa vidole, wakisimulia historia ya ufalme na ya watawala wake. Kwa hiyo tusikubali mtu atuambie kwamba mbele ya mapadri hatukuwa na shule. Tulikuwa nazo. Ila hazikuwa na ubao mweusi.

Sasa tusikilize vizuri, kwani hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Katika Bwami watu walilipa, na walilipa sana. Kulitolewa musanga, ndiyo feza ya makombe, kulitolewa nyama, chumvi na vitu vingine vingi. Mtu mmoja hakuweza. Ndugu za baba, wajomba na wakwe walichanga pamoja naye. Kama tunavyosema, kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini aliyechanga hakutuma mali kisha akabaki nyumbani. Alikuja. Alijua nani anamfundisha ndugu yake, na ndugu yule akikosa adabu, aibu ilifika mpaka kwa waliomchangia. Kutoa na kuingia vilikuwa kitu kimoja.

Hatusemi kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Mengi yalifichwa wanawake, na mtoto wa ukoo mnyonge hakufika mbali. Lakini hili moja tulishike mkononi: kwa wazee, hakuna mtoto aliyefundishwa pasipo wazazi wake kuwa ndani ya jambo.

2. Shule ya kizungu ilianza na watoto wasio na wazazi

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Zile zilikuwa siku za biashara ya watumwa. Watoto wengi waliolelewa na kufundishwa pale walikuwa watoto waliokombolewa mikononi mwa wafanya biashara wale. Baba yao alikuwa wapi? Mama yao alikuwa wapi? Wengine waliuawa, wengine waliachwa mbali bila njia ya kurudi. Padri akawa baba.

Leta ya mfalme Leopold II nayo ilifanya hivyo. Sheria ya mwezi wa saba 1890 iliweka chini ya ulezi wa leta watoto waliotolewa utumwani, wale walioachwa na wale wasio na wazazi. Makambi ya watoto hao yalifunguliwa Boma na Nouvelle-Anvers, ambayo leo ni Makanza. Leta ilitaka kupata humo askari na watumishi wake.

Hivi ndivyo ilivyoanza. Katika inchi yetu shule nyingi za kwanza za kizungu zilijengwa kwa ajili ya mtoto asiye na mzazi. Tangu msingi, mzazi hakuwekewa kiti.

Mwaka 1906 leta ile ilipatana na Roma: misioni zitapewa udongo, nazo zitafungua shule. Misioni zikaenea. Sasa watoto waliokuja walikuwa na baba na mama, lakini desturi ilibaki ileile. Mtoto mwenye akili alitolewa mjini, akalala misioni, akala na kuvaa kule. Mapadri wengi na wachungaji wengi waliona mji ni mahali pa giza, na mzazi aliyeshika mila ni hatari kwa roho ya mtoto. Mzazi mzuri alikuwa yule anayemleta mtoto, anayemwacha na kwenda zake.

Hatuwezi kukana mema yao. Walitufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, na huku mashariki madarasa ya chini yalifundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto angeweza kuitumia nyumbani. Wakatekista walifika mpaka miji ya mwisho kule porini. Lakini katika kutoa huko, kitu kimoja kilikatika: mzazi alizoea kuona kwamba masomo ni shamba la mtu mwingine.

3. Mwaka 1948

Mwaka 1948 ni wa kukumbuka kwa mambo mawili. Mwaka ule utawala wa Wabelgiji ulikataza Bwami. Na mwaka uleule ulitoa mpango mpya wa masomo, ambao ulifungulia baadhi ya watoto wa Kongo sekondari ya kuelekea vyuo vikuu. Hatusemi kwamba mambo haya mawili yalipangwa mezani pamoja. Lakini kwa Walega yalifika pamoja. Mlango ambao wazazi waliujua ulifungwa kwa sheria, na mlango ambao hawakuujua ulifunguliwa kwa watoto wao. Bwami haikufa, ilijificha. Ila mzee aliyejua mutanga nzima hakuitwa hata siku moja kusimama mbele ya darasa.

Mwaka 1954, chini ya waziri Buisseret, leta ilianza kufungulia watoto weusi shule zisizo za misioni. Mara ya kwanza wazazi wa miji mikubwa waliweza kuchagua: kwa mapadri ao kwa leta. Ni kitu kidogo, lakini kuchagua ni kuanza kuingia.

Hata katika siku zile ngumu, kuna wazazi waliokataa kukaa nje. Tutaje nyumba moja inayojulikana, ya Daniel Kanza wa Léopoldville, aliyekuwa kati ya wakubwa wa ABAKO. Mwanawe Thomas Kanza alimaliza chuo kikuu cha Louvain, kule Ubelgiji, mwaka 1956, wakati Wakongo wenye diploma namna hiyo walihesabika kwa vidole. Binti yake Sophie alimaliza Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu, na mwaka 1966 akawa waziri mwanamke wa kwanza. Kijana na binti, nyumba moja. Wakati ule wengi walisema binti anatosha kujua kushona na kupika. Nyumba haitoi matunda kama hayo kwa bahati tu. Ndani yake kulikuwa na mzazi aliyetaka.

Kule Katanga mambo yalienda njia nyingine. Union Minière, tangu mwisho wa miaka ya 1920, ilitaka wafanyakazi wake wakae na jamaa zao karibu na migodi. Kampuni ilitoa nyumba, posho, dawa na shule, na wamisionari wakafundisha. Gécamines ikarithi desturi hiyo. Mtoto wa mfanyakazi alisoma bila baba yake kujisumbua sana, kwani kampuni ilikuwa baba na mama. Utamu huo ulidumu miaka mingi. Lakini kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kazi katika mpango wa mwaka 2003, wazazi wengi walijikuta mbele ya mlango wa shule kama wageni. Tunalitaja hili ili tuone kwamba hata anayetoa kila kitu bure anaweza kumfanya mzazi alale.

4. Uhuru na meza ya mwaka 1977

Kisha uhuru wa 1960 wazazi walikimbilia masomo. Kila mtu aliona kwamba mwenye diploma ndiye aliyechukua kiti cha Mubelgiji. Mwaka 1967 ulianza Mtihani wa Leta, ule tunaouita Examen d'Etat, na mpaka leo siku matokeo yanapotoka watu wanajimwagia unga mweupe barabarani. Furaha ile ni ya wazazi pia, na inaonyesha kwamba mapenzi ya masomo hayajakosa kwetu hata kidogo.

Mwishoni mwa 1974 Mobutu alitwaa shule zote, zikawa za leta. Leta ilishindwa kuziendesha. Tarehe 26 Februari 1977 leta ilifanya mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: shule ni za leta, makanisa yatazisimamia. Ndiyo maana mpaka leo tunasema shule ya konvansione. Mapatano yale yaliokoa shule nyingi, tunakubali. Lakini tutazame meza ile: upande huu leta, upande ule makanisa. Mzazi hakutia sahihi. Ngombe waligawanywa, na mwenye ndama hakuitwa.

5. Miaka ya prime

Miaka ya 1980 feza ya masomo ilipunguzwa katika bajeti ya leta, ili kufuata masharti ya wakopeshaji wa ngambo. Walimu maelfu walifutwa ku liste. Mshahara wa waliobaki ukawa mdogo, kisha ukawa karibu na bure, kwani zaire ilipoteza thamani kila juma. Mwanzo wa miaka ya 1990 walimu waligoma, na madarasa yakafungwa.

Ndipo wazazi walipoitwa. Baada ya miaka mia moja ya kukaa nje, waliitwa, lakini waliitwa kwa mkono wa mfuko. Walikubaliana na wakubwa wa shule kumpa mwalimu kitu kidogo ili arudi darasani. Kitu kile kiliitwa prime. Kilikuwa cha muda mfupi, kikadumu karibu miaka thelathini.

Hapa tusimame tuwape wazazi heshima yao, kwani historia ya inchi haijawapa. Miaka ya vita, tangu 1996 na zaidi kati ya 1998 na 2003, huku mashariki mshahara toka Kinshasa haukufika. Ni nani aliyeweka masomo hai? Ni wazazi. Mahali pengine walimpa mwalimu mihogo, mchele ao mafuta. Mahali pengine walimlimia shamba. Nyumba za masomo zilizochomwa zilisimamishwa tena kwa miti, udongo na majani. Wamama wa soko walifanya likilimba, leo feza inaenda kwa huyu, kesho kwa yule, na zamu ya mama ikifika, ilikwenda moja kwa moja ku prime ya watoto. Mama wengi ambao hawakukanyaga darasani walitoa watoto wenye diploma kwa beseni la ndizi na ndagala juu ya kichwa. Mtu asituambie wazazi wa Kongo hawapendi masomo.

Lakini prime ilikuwa na sumu yake. Feza ikaanza kupanda ngazi, kila ofisi ikakata sehemu yake, na mwalimu akabaki na mabaki. Asubuhi direkta alisoma majina ya wasiolipa, na watoto wakarudishwa nyumbani mbele ya wenzao. Mzazi akipewa barua ya kuitwa ku masomo, alijua mbele ya kuifungua: ni deni. Mwenye deni alijificha, asikutane na mwalimu hata sokoni. Aliyelipa alisema: "Miye nilishalipa, mwalimu ajue yake." Hivi aliyelipa na asiyelipa wote wawili walikaa mbali na darasa.

Hii ndiyo tofauti na Bwami. Zamani aliyetoa aliingia. Siku za prime mzazi alitoa, lakini alibaki mlangoni. Na kwa kuwa hakuingia, hakujua mwanawe anafundishwa nini, na hakujua hata feza yake imefika wapi.

6. Leo: bure haina maana ya "si yangu"

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za leta ni lazima na ni ya bure, na pia kwamba wazazi wana haki ya kuchagua namna ya kuwalea watoto wao. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 ilikaza hayo. Lakini ilingojewa mpaka mwezi wa tisa 2019, chini ya raisi Félix Tshisekedi, ndipo bure ilipoanza kutumika katika inchi nzima.

Watoto mamilioni waliongezeka ku masomo. Watoto ambao walikuwa wakiuza maji na maandazi, binti waliokuwa wakilea wadogo zao, waliingia darasani. Hiyo ni ushindi. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, watoto wakakaa chini, walimu wengi wakangoja kuingizwa ku liste ya mishahara, na migomo haikukosa. Katika darasa la namna hiyo mwalimu hawezi kumtazama kila mtoto. Ni sasa mzazi anahitajiwa kuliko siku zote. Na ni sasa mzazi anasema: "Si yangu tena."

Ndugu wazazi, hapa tunapaswa kusema wazi. Mtoto anaweza kukaa miaka sita darasani na kutoka asijue kusoma barua ya mjomba wake. Mnawajua watoto kama hao, tunawajua sisi pia. Miaka ile hairudi. Leta haitakulilia, na mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake hataweza kujua kwamba wa kwako, yule aliye nyuma kabisa, haoni tabulo.

Jambo la kwanza tunaloomba halihitaji feza wala diploma. Wengi wanasema: "Siye hatukusoma, tutamusaidia mutoto namna gani?" Turudi ku mutanga. Mzee wa Bwami hakujua kuandika, lakini alijua kuuliza maana. Jioni, moto ukiwaka ao taa ikiwaka, umwulize mtoto: leo mlifundishwa nini? Nieleze. Na maana yake ni nini? Mtoto akieleza vizuri, amefahamu. Akizungukazunguka, hata wewe usiyejua kusoma utaona. Umwambie afungue kaye. Kaye isiyoandikwa kitu juma zima inasema neno, na mwenye macho analisikia. Umwambie akusomee kwa sauti. Kama anasoma Kiswahili, utajua palepale kama anasoma ao anakariri.

La pili ni kazi za nyumbani. Hatusemi mtoto asifanye kazi, kazi ni sehemu ya malezi yetu. Lakini tuhesabu saa. Binti anayeteka maji alfajiri, anayepika kwanza, anayechukua mdogo wake mgongoni, akifika darasani analala. Kijana anayetumwa kuponda mawe ya zahabu ku Kamituga, ao kubeba kasiterite ku Shabunda, anaonja feza, na aliyekwisha kuonja feza ni vigumu kumrudisha kwa chaki. Na juu ya binti, sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza kuoza mtoto aliye chini ya miaka 18. Mali ya ndoa inakwisha mwaka mmoja. Mama aliyesoma anafundisha na wajukuu.

La tatu ni kuingia. Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi, ile tunayoiita COPA, na baraza la kuendesha shule, COGES, ambamo wazazi wana mjumbe wao. Hiki ndicho kiti ambacho hatukupewa mwaka 1890 wala 1977. Leo kipo, na mara nyingi kiko tupu, ao anakikalia rafiki wa direkta pasipo kuchaguliwa na mtu. Siku ya mkutano wa wazazi, tuende. Mama aende na aseme, si kukaa nyuma na kunyamaza, kwani ni yeye anayejua mtoto alikula nini na alilala saa ngapi. Tuulize kwa heshima: feza ya kuendesha shule ilifika ngapi? Imefanya nini? Watoto wangapi hawana benchi? Kwa nini darasa la tatu halina mwalimu? Kuuliza si ugomvi. Katika barza ya wazee, aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amekubali.

Na feza, je? Shule za msingi za leta hazina haki ya kudai prime. Lakini wazazi wakiona watoto wanakaa chini, nani anawakataza kuleta mbao na misumari, na fundi wa kartie akatoa siku yake moja? Hiyo si prime, ni salongo ya nyumba yetu. Ila tufanye kwa uwazi, mbele ya wote, hesabu iandikwe na isomwe.

La ine ni heshima ya mwalimu. Mtoto anayesikia baba yake akimcheka mwalimu juu ya viatu vyake vilivyotoboka, kesho hatamsikiliza. Kama mwalimu amekosa, mzazi aende amwone, watu wazima wawili waongee, si mbele ya mtoto. Mwalimu naye ajue kumpokea mzazi, hata akija na kandambili na jembe begani.

La mwisho linatuhusu sisi watu wa chama cha mila. Wazee wetu wanaojua methali, historia ya miji na majina ya miti wanakufa mmoja mmoja. Tunaomba wakubwa wa shule wawaalike, hata saa moja kwa mwezi, wakae na watoto. Mzee aje na mutanga yake. Mtoto ataona kwamba babu yake naye ni mwalimu, na babu ataona kwamba darasa si mahali pa kumtolea mtoto kwao.

7. Kumalizia

Historia hii ni ndefu, lakini maana yake ni fupi. Kwa wazee, mzazi alitoa na akaingia. Misioni na utawala wa Wabelgiji vilimwacha nje. Meza ya 1977 haikumkumbuka. Prime ilimwita, lakini ilimwita kama mfuko. Na bure ya 2019, kama hatuangalii, itamrudisha nyumbani kulala.

Mwenye hekima, kama Sakimatwematwe, anatazama pande zote: mtoto akiwa nyumbani, mtoto akiwa darasani, na njia iliyo katikati. Mkono mmoja haulei mwana. Leta ina mkono wake, kanisa lina wake, mwalimu ana wake. Wa mzazi hakuna mwingine atakayeuleta mahali pake.

Basi, juma hili, kabla ya kuweka kijitabu hiki chini, kila mmoja wetu afanye vitu viwili. Jioni ya leo amwombe mtoto wake, ao mjukuu wake, ao mtoto wa jirani anayeishi naye, afungue kaye na aeleze alichojifunza. Na aulize jina la mwalimu wa mtoto yule. Wengi wetu tutaona kwamba hatulijui. Tuanzie hapo, kisha twende tukamsalimu.